Kabla Tunutu Hawajaota Mabawa

MAMA MIZINGA: Haloo? Nani mwenzangu?

DEREVA: Shikamoo, mama. Ni mimi, mkweo.

MAMA MIZINGA: Marahaba. Mbona namba ngeni? Binti yangu mzima?

DEREVA: Mzima, anakusalimu. Hii ni simu ya kazini. Mama, nimepiga kuhusu—

MAMA MIZINGA: Nzige.

DEREVA: Tunutu, mama. Bado hawajaota mabawa.

MAMA MIZINGA: Unanifundisha mimi? Nimewaona tangu mama zao wanachimbia mikia pale kwenye nyasi fupi, wanataga. Mvua ikanyesha, wakatoka. Mwanzo walikuwa kijani, kila mmoja na jani lake, hana habari na mwenzake. Nyasi zilipopungua wakabanana. Kila wakijivua ngozi wanatoka weusi zaidi, na sasa hakuna anayekwenda peke yake.

DEREVA: Basi unaelewa kwa nini kesho tunakuja kupiga dawa. Mizinga iondoke leo, mama. Nakuomba kwa heshima zote.

MAMA MIZINGA: Mizinga ishirini? Nyuki wako kazini saa hizi. Nikibeba mzinga mchana, nusu yao watarudi wakose kwao. Na usiku nani atanisaidia, wewe? Uliyemkimbia nyuki mmoja siku ya harusi yako?

DEREVA: [anacheka kidogo] Alikuwa mkubwa yule.

MAMA MIZINGA: Yule mtu wenu wa karatasi aliihesabu yote kwa kidole, nikiwa nimesimama hapo.

DEREVA: Karatasi ya ruhusa ya kupiga dawa inasema hakuna mizinga.

MAMA MIZINGA: Kasaini nani?

DEREVA: [mkwaruzo] Unakatika, mama—

MAMA MIZINGA: Sikatiki. Kasaini nani?

DEREVA: ... Mimi. Bosi alisema wewe ni mkwe wangu, nitakushawishi uihamishe. Nikaona haya kubisha.

MAMA MIZINGA: Haya ukaiona kwa bosi, kwangu hukuiona.

DEREVA: Nisamehe.

MAMA MIZINGA: Tutalizungumza hilo siku ukija kula kwangu. Sasa sikiliza. Tumechimba mtaro, mimi na majirani, kati ya nyasi na mahindi. Tunutu akishaanza safari hageuki. Wa mbele akitumbukia, wa nyuma anamfuata. Tunafukia.

DEREVA: Na wakivuka? Mahindi ya watu yale. Wiki moja tu wataruka.

MAMA MIZINGA: Wakivuka, lete dawa, nitakufungulia geti kwa mkono wangu. Lakini nijaribu kwanza. Mnafika saa ngapi?

DEREVA: Saa mbili asubuhi.

MAMA MIZINGA: Ndiyo shida. Usiku wanalala juu ya nyasi, asubuhi wana baridi, hawasogei mpaka jua liwapashe. Saa tatu hivi ndiyo wanashuka. Nyinyi mtakuwa mmeshamaliza, na nyuki wangu chini.

DEREVA: Ratiba siyo yangu, mama.

MAMA MIZINGA: Sawa. Saa mbili utanikuta nimekaa katikati ya mizinga. Sitoki. Unyunyize ukiniangalia usoni.

DEREVA: Mama, usinifanyie hivyo. Nitamwambia nini mke wangu?

MAMA MIZINGA: Mwambie ulichosaini. Na ile karatasi irekebishe. Andika ishirini na moja, wa mwisho ana miguu miwili.

[mlio wa salio]

DEREVA: Salio linaisha. Mama ... ile pampu yetu ya dawa ni mbovu kidogo.

MAMA MIZINGA: Mbovu vipi?

DEREVA: Asubuhi inagoma kuwaka. Kuna siku ilikaa mpaka saa tano.

MAMA MIZINGA: Saa tano watakuwa bado hawajafika mtaroni. Wanarukaruka, hawakimbii.

DEREVA: Kutoka kwenye nyasi ni mbali kiasi gani?

MAMA MIZINGA: Hatua mia nne.

DEREVA: Basi itagoma mpaka saa nane. Fundi ni mimi mwenyewe, hakuna mwingine anayeijua.

MAMA MIZINGA: Na bosi je?

DEREVA: Kesho sioni haya. Nikiwa naitengeneza, mikono ya ziada mnahitaji?

MAMA MIZINGA: Makoleo mawili hayana mtu. Ila vaa mikono mirefu, mwanangu, nyuki wangu bado wanakukumbu—

[simu imekatika]