Nani Anazuia Barua

Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu na tofali, na wenyeji wote walijua kutokaa upande wa tofali. Upande huo waliachiwa wageni, ili watu wapate cha kucheka. Lilikuwa ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, na mbele yake palikuwa na jiko la mkaa la Mama Birika, ambaye kwa miaka saba aliwauzia kahawa na kuwasikiliza wakibishana bila kutia neno hata siku moja. Wao walidhani hana la kusema. Jumamosi hiyo asubuhi mpira ulisahaulika kabisa. Makasi, kinyozi mwenyewe, alikuwa na riwaya iliyong'oka jalada, iliyosahauliwa na mteja, naye alinogewa nayo kiasi kwamba mtu mmoja alikuwa ndani akisubiri, kanyolewa upande mmoja tu wa kichwa.

— Sikilizeni jamani, Makasi alisema. Mama mtu mzima anamwandikia bintiye aliyeolewa mbali. "Mwanangu, ile sufuria yetu bado haina kifuniko. Naifunika kwa sahani yako ya bluu. Nikiifunua, mvuke unanipiga machoni, nami nashukuru, maana nikilia nina cha kusingizia."

Mama Birika alikuwa akimmiminia Hakimu, mmoja wa wabishi wa benchi. Kahawa ilijaa, ikafurika, ikamchuruzika mzee huyo vidoleni.

— Uwii! Mama Birika, unaniunguza!

— Nisamehe, baba.

Maneno yale ya kitabuni yalikuwa ya Mama Birika, yametoka kinywani mwake mwenyewe. Hakujua kusoma wala kuandika, na kila mwisho wa mwezi alikwenda ofisi ya maji, kwa Karani, akamtajia barua neno kwa neno naye akaandika. Majibu yalikuwa yapitie sanduku la posta la Karani, kwa kuwa yeye hakuwa na sanduku. Miaka sita. Kila alipouliza, Karani aliinamisha kichwa kwa huruma: "Posta hakuna kitu, mama." Na huyo Karani alikuwa papo hapo, mwisho wa benchi, katumbukiza macho kikombeni.

— Tuongee mpira bwana, Karani alisema. Vitabu ni vya watoto wa shule.

— Tulia wewe, ndiyo kwanza utamu unaanza. Binti naye anajibu! Nusu ya pili yote ni barua za binti. Ila kila mmoja analalamika kwamba mwenzake yuko kimya. Huku mama analia, kule binti analia. Barua zinaandikwa, hazifiki. Sasa nani anazizuia? Kitabu kimeisha hakijasema.

Hakimu alifuta vidole. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, na jina hilo alipewa kwa sababu hukumu yake ilitoka kabla ya kesi kusikilizwa.

— Mume wa binti. Anazichana. Kesi imefungwa.

— Azichane za mkewe, sawa. Na zile za mama zinazopotea huku? Huyo aliyeuliza ni Injinia, fundi redio, ambaye redio ikitoka mikononi mwake huwa haikai wiki. Mimi nawaambia, binti alishakufa zamani. Barua zinajiandika zenyewe.

— Na stempu zinajibandika?

— Marehemu ana shida gani na stempu?

— Wote hamna kitu, Makasi alisema, akapunguza sauti. Ni mama mwenyewe. Anazipata, anazificha chini ya godoro. Hamtaki mtoto. Angemtaka, angepanda basi akamfuate!

Mama Birika alikaza mkono kwenye mpini wa birika mpaka vidole vikamuuma. Angepanda basi kwenda wapi? Binti aliondoka wamegombana, kisa yule mwanaume aliyemwoa, akaacha karatasi moja tu yenye anwani. Karatasi hiyo Mama Birika alimkabidhi Karani aitunze, maana kwake paa lilivuja. Sasa damu ilimchemka. Kumbe kaiba maneno yangu, alijiambia, na juu yake kamtilia mwanangu uongo mdomoni, eti anajibu. Mwanangu hajawahi kunijibu.

— Mnajisumbua bure, Karani alisema, akacheka kacheko kakavu. Mwandishi katunga tu. Za binti zote ni za kubuni.

— Kwani umekisoma?

— Nimesikia.

— Hapo nakuunga mkono, Injinia akadakia. Makasi, hebu isome ile ya uzi tucheke.

Makasi alilamba kidole, akafunua.

— "Mama, nimejifungua mtoto wa kiume. Sasa ana mwaka, naye anaogopa giza kama nilivyokuwa mimi. Tukilala namfunga uzi mwekundu kidoleni, ncha ya pili naifunga kwenye kidole changu. Akishtuka anavuta, nami navuta, analala. Kama tulivyofanya mimi na wewe. Mbona hunijibu, mama? Umenisamehe, au bado?"

— Mtoto ni mbuzi? Injinia aliangua kicheko. Nani anamfunga mwanawe kamba?

— Chumvi imezidi, Hakimu akatamka. Shahidi muongo.

Mama Birika alisimama pale pale na birika mkononi. Uzi ule hakuwahi kumwambia Karani. Hakumwambia mtu yeyote. Yalikuwa mambo ya chumba kimoja, mji mwingine, godoro moja la mjane na mwanawe, na aliona haya watu wasije wakamcheka, kama walivyokuwa wakimcheka sasa. Duniani waliujua watu wawili. Kwanza ilimjia furaha: mwanangu hakunitupa, nina mjukuu. Kisha alimwangalia Karani, akaona jasho linamtiririka shingoni, na akaelewa yote yaliyobaki.

Aliliweka birika chini.

— Si chumvi, alisema.

Benchi zima likageuka.

— Uzi huo ni wangu na mwanangu. Karani, barua zake ziko wapi?

Makasi alikifunga kitabu taratibu.

— Mama, si hapa, Karani alisema. Twende ofisini tukaongee.

— Ofisini nimekuja miaka sita. Sema hapa.

— Yako ya kwanza niliipeleka, na yake ikaja. Ilikuwa nzuri, mama, hujui ilivyokuwa nzuri. Nikaona mkijibizana mtapatana, na kitabu changu kitafia hapo. Nikasema kikitoka tu, nitakupa zote. Kikatoka, nikaogopa.

— Ziko wapi?

— Nilizichoma.

— Na karatasi ya anwani?

Karani alijibu kwamba nayo iliungua humo humo. Injinia aliinuka, ngumi imekunjwa, lakini Mama Birika alimzuia kwa mkono. Kipigo kisingemsaidia kitu. Palikuwa na jambo moja tu alilolitaka, na lilikuwa dogo, hata Karani asingeweza kulichoma.

— Mjukuu wangu anaitwa nani?

— Kitabuni nimemwita...

— Sikuulizi la kitabuni. Mwanangu aliandika jina la mtoto. Lipi?

Karani alifungua mdomo. Akamtazama Makasi, akakitazama kitabu, akaufunga. Sahani ya bluu aliikumbuka, uzi mwekundu aliukumbuka, alikumbuka kila sentensi iliyomfaa. Jina la mtoto halikumfaa. Alilibadilisha, akalisahau.

Mteja aliyenyolewa nusu alichungulia mlangoni aulize zamu yake, akaziona nyuso zao, akarudi ndani.

Mama Birika alikichukua kikombe mkononi mwa Karani, akaimwaga kahawa chini. Kisha, baada ya miaka saba ya kusimama, aliketi kwenye benchi lile, kwenye upande wa tofali, akaikunja mikono mapajani.

— Kumbuka, alisema. Mimi nasubiri. Nimeshazoea.