Regina Akiru Lokaale, Aliyewajazia Watoto wa Isiolo Kozi za Chuo Kikuu

Wapendwa waombolezaji, habari zenu, na majirani zetu wa Wabera, salaam aleikum, mimi ni Lomuria, kitinda mimba wa mzee Lokaale, na familia imeniagiza niwasomee maisha ya dada yangu, kazi ambayo jana niliikataa mara mbili.

Regina alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 huko Ngare Mara, akasoma shule ya msingi hapa Kiwanjani hadi 2002, akamaliza kidato cha nne mwaka 2006 na kuitwa chuo kikuu kusomea ualimu, lakini barua ilifika masomo yakiwa yameendelea mwezi mzima, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba angeweza kuomba nafasi upya. Hilo lilimuuma sana.

Alisomea kompyuta Meru, na tarehe 5 Septemba 2011 akafungua saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Wabera, ambako kila mwaka matokeo yakitoka aliwajazia watoto maombi ya chuo na kuwaeleza wazazi kozi moja moja, uhandisi, uuguzi, sheria, kilimo, akimuuliza mtoto mwenyewe kwanza, jambo ambalo baba wengine hawakulipenda, na alama za mtoto hakumtajia mtu mwingine kamwe.

Alifunga ndoa na Ekitela tarehe 8 Desemba 2012, wakabarikiwa wasichana wawili, Akai na Nakiru, hawa mnaowaona wameketi mbele.

Sasa nifike mwaka 2017. Wengi wenu mmesikia kwamba Regina alimkosesha mdogo wake udaktari kwa kubonyeza nambari ya kozi nyingine, na mzee Duba wa Gotu akamtoa binti yake Sabdio pale kwa sababu hiyo, na wazazi wengine wakafuata, mpaka 2019 saiba ikafungwa. Jamani, huo ni uongo, na ulitoka kwangu. Nilikuwa Gotu na mbuzi wa baba, simu inakatika katika, nikamwambia aniwekee daktari, akaniuliza wa watu ama wa mifugo, maana kwetu anayedunga ngamia sindano pia ni daktari, akanieleza polepole kwamba alama zangu hazifiki za watu, nikamjibu aweke yoyote, bora niitwe daktari. Barua ilipokuja imeandikwa mifugo, wenzangu wakanicheka, nikasema dada ndiye aliyekosea. Angetaja alama zangu mara moja tu angejiokoa, na hakuzitaja, hata Ekitela alipombembeleza.

Aliugua saratani ya koo kuanzia Juni 2024, akatibiwa hapa Isiolo na baadaye Meru, na akatuaga Jumapili tarehe 9 Februari 2025. Siku tatu za mwisho nilikaa kando ya kitanda chake nikitaka kuomba msamaha, na badala yake nikamwongelesha habari za mvua. Ninajichukia kwa hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, kina mama wa Kiwanjani waliomletea uji kila asubuhi, na wenzake wa zamani wa saiba. Mzee Duba, asante kwa kuja kumzika mtu uliyeambiwa ni mzembe, na ukifika Gotu tafadhali mwambie Sabdio kwamba mwongo ni huyu daktari wa ngamia wenu.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Siri yako naitoa mwenyewe, watu wasikie: Lomuria alipata B.