Sauti ya Mwalimu Sidonie Imekwenda Wapi

Benchi la pale Kabambare, karibu na zinaposimama pikipiki za Wamaza, yaani madereva wanaobeba abiria, lina miguu mitatu na tofali moja, na halijawahi kumwangusha mtu. Wanaolikalia huliita Bunge, maana hapo kila jambo hujadiliwa na hakuna linaloamuliwa. Kahawa ni ya Dieudonnée, na asubuhi hiyo aliimimina bila kuhesabu vikombe. Binti yake Emmanuella, wa miaka sita, ambaye hajatamka neno tangu azaliwe, alikuwa akisubiriwa kituo cha afya. Mwalimu wa chuo kikuu alikuwa amefika na wanafunzi watatu, kuwafundisha kazi ya kuwasaidia watoto kama huyo waongee kwa ubao wa picha, na kwa mashine inayosema ukiigusa. Kesho wangerudi Kasongo. Dieudonnée alikuwa bado hajamvalisha mtoto viatu.

Utata ulianza mwalimu mwenyewe alipokuja kunywa kahawa. Hakufungua mdomo. Alitabasamu, akatoa ubao, akaweka kidole juu ya picha ya kikombe, kisha ya sukari. Wanafunzi wakafanya vilevile. Mahamudu, ambaye zamani alilinda lango la hospitali na kwa hiyo huitwa Munganga, yaani daktari, aliinuka akampisha, akamkorogea sukari kwa mkono wake, polepole. Dieudonnée aliliona hilo na likamgusa moyo. Ila wageni walipotoa mguu tu, Bunge likafunguliwa.

— Huyu mama ni bubu, alisema Munganga. Atamufundisha mutoto kusema namna gani?

— Bubu gani? aliuliza Placide, dereva wa pikipiki aliyembeba mwalimu siku iliyotangulia. Jana alisema njia yote. Kwa matope alisema, tulipoanguka alisema, mpaka nikamuomba anyamaze niangalie njia.

— Na leo?

— Leo nimemusalimia, akanigusia picha ya mukono.

Wakatazamana. Mtu jana ana sauti, leo hana, na hakuna aliyesikia kwamba ameugua.

Asani, mkulima wa karanga anayeitwa Waziri kwa kupenda kueleza, aliweka kikombe chini.

— Mashini haina koo. Kama inasema, sauti imetoka kwa mutu. Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu amevunjika sauti.

Placide akakumbuka kwamba mfuko wenye mashine ulikuwa mzito zaidi walipofika Kabambare kuliko walipotoka Kasongo. Waziri akasema njo vile, ndivyo hasa, ndani mumejaa sauti za njia nzima, na chuo kikuu kinazipanga huko kama magunia ya mchele. Munganga akawapita wote. Mashine ikimkuta mtoto asiye na sauti, alisema, itakosa cha kuchukua, basi itabeba masikio. Kisha akaona uso wa Dieudonnée, akashusha macho.

— Lakini mimi si munganga wa kweli, Mama Emmanuella. Unajua.

Dieudonnée alijua. Hakuamini kwamba mashine hula sauti. Hofu yake ilikuwa nyingine, na siku hiyo aliisema.

— Akizoea picha, mudomo wake utalala. Mimi naongoja siku atasema mama.

Walimwonea huruma wote pamoja. Waziri akamshauri angoje tu, kwani haba na haba hujaza kibaba. Hakuna aliyeuliza ni haba gani.

Jua lilikuwa limepita utosini waliposikia mtu nyuma yao.

— Habari za muchana, baba zangu.

Kahawa ya Munganga ilimwagika magotini. Mwalimu Sidonie alimpa pole, akamshukuru kwa sukari. Akaeleza kwamba popote anapofundisha, siku ya kwanza yeye na wanafunzi huweka midomo pembeni hadi saa sita, wakiomba kahawa, njia na hata choo kwa ubao peke yake. Asiyejua uchungu wa kukosa neno, alisema, atamharakisha mtoto.

Akaketi karibu na Dieudonnée. Juu ya mdomo kulala, alimwambia picha hazifungi mdomo. Maneno yakija, yatakuja. Hakumwahidi kwamba yatakuja. Kisha akauliza:

— Mama, wakati Emmanuella analia, analia juu ya nini?

Dieudonnée alitaka kusema tumbo. Halafu jino. Juzi alimpa dawa ya minyoo, akampa uji, akambeba mgongoni mpaka akalala kwa kuchoka, na hakujua kilichokuwa kikimliza. Alitazama benchi. Waziri humtuliza mtoto huyo kwa karanga, Placide humpandisha kwenye pikipiki iliyozimwa. Sasa Waziri alimtazama Placide, na Placide alitazama gurudumu lake.

— Sijui, alisema Dieudonnée. Hakuna mutu anajua.

Aliwaambia wajimiminie kahawa iliyobaki. Akaingia ndani, akatoka na mtoto mkono mmoja, viatu mkono wa pili. Munganga alipiga goti akamvisha viatu, akavifunga kamba.

Njiani Dieudonnée alikuwa anamuuliza mwalimu bila kupumzika.

— Picha ya jino iko?

— Iko.

— Ya tumbo?

— Iko.

Alitembea hatua chache, akiushika ule mkono mdogo.

— Na kama analia juu ya kitu mimi sikufikiri?

— Njo atatuonyesha, mama. Na kama picha haiko, tutaichora.