Shuka la Kijani Juu ya Paa

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yako iko jikoni, punguza moto usogee karibu. Kama uko kazini, inamisha kichwa, jifanye umeshughulika. Leo tunamkumbuka mkunga. Alikuwa mkunga wa kituo cha afya kilichopakana na kambi ya jeshi la anga. Amefariki wiki hii, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa moyo. Tumemzika juzi. Wengi wenu hamlijui jina lake, hata nyie aliowakata kitovu kwa mkono wake. Mlimwita Bi Kimya.

Anayedhani Bi Kimya alikuwa mtu wa sauti ya chini, basi hajawahi kulazwa kwenye wodi yake. Aliitwa hivyo kwa sababu akiingia tu mlangoni neno lake la kwanza lilikuwa "Kimya!", na vioo vya madirisha vikaitikia. Binti yake, ambaye ni mwalimu, ameniambia hivi: "Hakuna aliyekuwa na kelele kumshinda mama. Ila akishika kile kipembe chake, hata nzi aliomba ruhusa ya kupita."

Kipembe hicho, wasikilizaji, ni cha mbao, mfano wa faneli ndogo. Mdomo mpana unakaa kwenye tumbo la mama mjamzito. Upande mwembamba mkunga anaweka sikio. Anasikiliza moyo wa mtoto. Moyo ukienda vizuri, mama anatiwa moyo, anaambiwa asukume. Moyo ukianza kuchoka, gari la wagonjwa linaitwa, mama anakimbizwa hospitali kubwa. Mashine ya kusikilizia ipo pale kituoni, ikipata umeme. Lakini kipembe au mashine, vyote vinataka kitu kimoja. Vinataka kimya.

Sasa utauliza, kimya kitatoka wapi kando ya kambi ya ndege? Kilitoka kwenye shuka.

Miaka mingi nyuma, Bi Kimya na mkuu wa kambi wa wakati huo walisimama kwenye uzio wa waya, mmoja huku, mwingine kule, wakaelewana. Mama akishikwa na uchungu, wodi itatandaza shuka la kijani juu ya paa. Shuka likiwa juu, hakuna injini inayowashwa kule kambini. Ndege iliyo angani itatua, itazima. Basi. Hapakuwa na sahihi wala muhuri. Ndege zetu zilikuwa chache na kuukuu, zinakohoa kabla ya kuruka, lakini zilikuwa na adabu.

Marubani wetu walikaa chini ya bawa la ndege wakisubiri. Wakichoka, mmoja alisogea kwenye uzio akapaza sauti: "Mama, bado tu?"

Bi Kimya alijibu dirishani: "Bado! Subiri kama baba yako alivyokusubiri wewe! Na wewe ulichelewa!"

Shuka likishushwa, kule kambini waliuliza: "Nani kaja?" Wodi ikajibu: "Wa kike!" Ndipo injini ikawashwa. Hapa kwetu watu wengi wamezaliwa hivyo. Jeshi zima limewasubiri.

Halafu wakaja wageni.

Mnakumbuka zile ndege za kijivu. Kubwa, mpya, haziangalii mtu usoni. Tuliambiwa ni ziara ya kirafiki ya jeshi la taifa kubwa. Tuliambiwa ni ya siku chache. Hata redio hii ilitangaza. Siku chache hizo zimeshaota mizizi, wasikilizaji. Wamejenga mabanda. Wameweka taa zao. Barabara ya sokoni imefungwa kwa ajili yao, na ukikaribia uzio unaulizwa wewe ni nani na unakwenda wapi. Mgeni gani anakuja na nyumba yake, anaiegesha mlangoni pako, halafu anakuuliza wewe unakwenda wapi?

Ndege zile zilipokuja, Bi Kimya alivaa sare safi akaenda kumwona mkuu wa kambi. Huyu wa sasa, si yule wa zamani. Alimwomba jambo moja tu, awaambie wageni habari ya shuka.

Mkuu alicheka, akaangalia mlango kama umefungwa. "Mama yangu, niwaambie watu hawa kwamba hapa ndege ya kivita inasubiri shuka la wodi? Watatuonaje?"

"Watatuona tunazaa," Bi Kimya akamjibu. "Wao walitoka wapi, dukani?"

"Nitalishughulikia, mama."

Hakulishughulikia. Aliona haya. Nalisema tena kwa sababu habari yote imesimama hapo. Mkuu wa kambi yetu aliwaonea haya wageni, kwa hiyo hakuwaambia.

Asubuhi moja, mkwe wa fundi cherehani, binti mwenye mimba ya kwanza, alifika wodini akiwa na uchungu. Shuka likapandishwa. Bi Kimya akaweka kipembe tumboni, akasikia moyo wa mtoto, akatabasamu. Kisha ng'ambo ya uzio wageni wakaanza kujaribisha injini zao ndege zikiwa zimesimama pale pale chini. Hazikuruka. Zilinguruma tu, moja ikinyamaza nyingine inapokea, mpaka jua likawa kali.

Muuguzi aliyekuwa naye siku hiyo ananieleza: "Aliweka kipembe, akatoa. Akaweka tena. Akajaribu mashine. Alikuwa anasikia ndege tu, ndani ya tumbo la mtu. Akaniambia niliite gari. Gari likakuta barabara ya sokoni imefungwa, likazunguka."

Mtoto alizaliwa kabla gari halijafika. Wa kiume. Hakulia.

Bi Kimya hakusema uongo hata siku hiyo. Aliwaambia wazazi: "Sisemi ndege imemuua. Nasema nilikuwa namsikia, kisha wakaninyang'anya. Kama ningemsikia, ningejua mapema." Maneno hayo aliyarudia kwa kila mtu mpaka alipokufa. Hakuyaongeza, hakuyapunguza.

Siku hiyo hiyo alikwenda getini. Askari wa zamu alikuwa mmoja wa watoto wake wa wodini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fungua."

"Mama, nina amri."

"Mimi ndiye niliyekuleta duniani ukiwa umetanguliza miguu. Amri hiyo hukuipata kwangu. Fungua!"

Hakufungua. Ameniambia mwenyewe kwamba alitazama viatu vyake mpaka mama akaondoka.

Baada ya muda, wageni wakatangaza siku ya wananchi kutazama ndege. Palikuwa na bendera, muziki, maji baridi ya bure. Bi Kimya alikwenda na binti yake, shuka la kijani likiwa kwapani. Alipita katikati ya watu mpaka kwa kamanda wa wageni, aliyesimama mbele ya ndege yake akipigwa picha. Pembeni yake alikuwa mkalimani, kijana wa hapa hapa, suti imemkaa vizuri kuliko ukweli.

"Mwambie," Bi Kimya akasema, "shuka hili likiwa juu ya paa la wodi, azime. Mwambie kuna mtoto tumemzika kwa sababu hakuzima."

Mkalimani akamgeukia kamanda, akasema kwa lugha yao. Kamanda akatabasamu meno yote. Akamshika Bi Kimya mkono kwa mikono miwili, akamvalisha kofia yenye nembo ya kikosi chao. Watu wakapiga makofi.

Binti yake, mwalimu, anaijua lugha ile. Alimvuta mama yake mkono. "Mama, amemwambia umekuja kuwashukuru. Amesema shuka ni zawadi."

Wasikilizaji, nimezungumza na watu waliokuwapo, na wote wananiambia jambo moja. Bi Kimya hakupiga kelele. Alivua kofia, akamrudishia mkalimani. Akalikunjua shuka, akanyoosha mikono, akalitandaza juu ya pua ya ndege, akalilainisha kwa viganja kama anatandika kitanda. Kisha akasimama mbele yake.

"Kimya," akasema.

Walimbeba. Askari wetu ndio waliombeba, si wageni. Wageni walikuwa wanapiga picha. Akalala rumande, akatolewa, akakuta barua ya kustaafishwa inamsubiri mezani. Mwanawe mkubwa anasema tangu hapo mama alikuwa anaamka asubuhi, anavaa sare, anakaa kitandani. "Tunamwuliza, mama unakwenda wapi? Anasema, nasikiliza."

Tulipomzika juzi, ndege zao zilipita juu yetu, zikageuka, zikapita tena. Aliyekuwa anasoma wasifu wake alinyamaza akasubiri, akaanza upya, akanyamaza tena. Mwanawe akaniambia sikioni, akifoka maana sikusikia: "Hata leo! Hata leo wamemnyima!"

Kwa binti yake na mwanawe, kwa wajukuu, kwa wauguzi wa kituo, kwa nyote aliowapokea kwa mikono yake, poleni. Poleni sana. Mmempoteza mama mwenye mdomo mkali na sikio la pekee. Nawe mkwe wa fundi cherehani, pole tena, kwa mara ya pili.

Hapa ndipo ninapowaomba mtafakari, nami sitazunguka. Siwaulizi kama mnawapenda wageni au mnawachukia. Mimi ninajua langu. Nawauliza hivi: tulipoanza kuwaonea haya wageni hata kwa jambo la kuzaliwa watoto wetu, tulidhani nani ataacha kutucheka?

Wauguzi wa Bi Kimya wanaendelea kupandisha shuka kila mama anaposhikwa na uchungu. Hakuna anayezima. Wanapandisha vivyo hivyo.

Na leo liko juu. Nimelipita nikija studio. Yuko mama wodini tangu alfajiri, naye ameniruhusu niseme. Ni yule yule, mkwe wa fundi cherehani. Ana mimba ya pili.

Mkuu wa kambi, najua redio ya ofisini kwako inashika masafa haya. Wewe kijana wa getini, nawe mkalimani, nanyi mnaowasha na kuzima kule ndani, mnanisikia. Shuka liko juu ya paa. Inueni macho tu, mtaliona.

Nimemwomba fundi mitambo asiweke muziki. Tunamwombolezea Bi Kimya kwa kitu alichokitaka maisha yake yote. Na sisi tuliopo karibu na uzio, tutege masikio tujue kama tumempa.

Wasikilizaji wapendwa, tunyamaze.