Maisha ya Mama Anjeline Alaso, Aliyezika Wimbi Kando ya Ghala

Mama Anjeline Alaso, tunayemsindikiza leo Jumamosi tarehe 22 Novemba 2025, alizaliwa tarehe 3 Mei 1950 kijijini Angurai. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Petro Okwakol na marehemu Mama Ajiko. Enzi hizo mwanamke akisikika ameshikwa na uchungu, jirani hakuuliza ni nani, aliuliza maji yako wapi. Alaso alipotua duniani, kuni zilikuwa zimeshafika uani na hakuna aliyetumwa kuzileta. Alibatizwa Anjeline, ila jina hilo lilitumiwa na padre peke yake, na makarani wa uchaguzi.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia mwaka 1958 hadi 1961, akaishia darasa la nne ili kaka yake mdogo naye apate kuingia. Kaka huyo hakufika mbali. Wawili hao wakajisomea wenyewe kwa vipande vya magazeti vilivyofungia sukari dukani. Alaso alisoma kwa sauti jioni mama yao akipika, na kipande kilipokatikia katikati ya habari, alijitungia mwisho. Mara nyingi mwisho wake ulikuwa wa haki kuliko ule wa gazeti.

Tarehe 12 Aprili 1969 aliolewa na Joash Elungat, mfanyakazi wa reli pale Malaba. Ng'ombe wa mahari walikuja kwa miguu yao, kijiji kizima kikakaa kando ya njia kuwasifu pembe na kuwakosoa mikia. Leo mahari huingia kwenye simu, na ng'ombe hajulikani hata rangi. Joash alijenga nyumba kwenye shamba la ukoo wake, hapa hapa tuliposimama, wakajaliwa watoto watano. Joash alifariki tarehe 9 Februari 2004 akazikwa nyuma ya nyumba. Siku ile Alaso alionyesha nafasi iliyobaki kando ya kaburi, akawaambia wanawe kwamba hapo ni pake, wasipande kitu.

Kazi yake ilikuwa kupika ajon, pombe ya wimbi, yaani ulezi, inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Aliipika kwa harusi, kwa mavuno na kwa matanga, kutoka Malaba hadi Bukhayo. Wageni walipokuwa tayari wamezunguka chungu, alivuta yeye kwanza mbele ya macho yao, maana mwenye chungu ndiye hutangulia kuonja. Hakupima wala hakuharakisha. Alikanda unga wa wimbi, akautia guniani, akauzika shimoni chini ya majani ya mgomba na mawe, akauacha uchachuke ardhini kabla ya kuutoa na kuukaanga. Watoto wa siku hizi wanaodhani pombe huzaliwa ndani ya chupa hawajui kwamba udongo nao ulikuwa mpishi.

Mwaka 2016 ghala la kemikali lilijengwa ubavuni mwa boma lake. Ndani mliwekwa mbolea, tindikali, na mapipa ya klorini ya kutibu maji. Mwenye ghala hajawahi kulala Malaba hata usiku mmoja. Mlinzi, hata hivyo, alikuwa Opolot, mzaliwa wa hapa, aliyejua mbuzi wa nani ameingia kwa nani. Alaso akichimba shimo la wimbi, Opolot alichungulia juu ya ukuta na kuuliza harusi ni ya nani.

Kisha ukaja uvumi kwamba serikali inaandaa sheria ya kulinda maghala ya kemikali dhidi ya magaidi. Mwenye ghala, asije akapatikana amelala, akamfuta Opolot kazi, akafunga kamera na kuleta walinzi wa kampuni, waliobadilishwa kila mwezi na wasiojua hata jina la mtaa.

Tarehe 20 Julai 2023, mchana kweupe, mmoja wao aliona kwenye kamera bibi kizee akichimba shimo karibu na ukuta, akiteremsha magunia, akiyafunika kwa majani, akipanga mawe juu yake, kisha akiondoka bila kutazama nyuma. Akabonyeza king'ora.

Wenye kuishuhudia siku ile wanaisimulia hadi leo wakisimama kwenye viti. Malaba yote iliruka. Watu walivuka kwenda Uganda bila kuonyesha kitambulisho, na waliokuwa wakija kutoka Uganda waligeuka wakarudi nao. Madereva waliacha malori yao yakinguruma kwenye foleni. Mwendesha bodaboda mmoja alifika Tororo ndipo akagundua kwamba hana abiria. Polisi walizungushia shimo utepe wa manjano, na mtaalamu wa mabomu akaletwa, amevaa nguo nene kama mrina asali. Alaso, aliyekuwa amejilaza ndani, alitoka akiuliza ni nani amefariki.

Mtaalamu alikuwa amelala kifudifudi kando ya shimo. Akamuuliza bila kugeuza shingo, "Mama, umezika nini hapa?"

"Wimbi."

"Wimbi gani linazikwa?"

"La harusi ya mjukuu wangu Sheilah. Kwani kwenu mnaoa bila kuzika wimbi?"

"Mama, rudi nyuma."

"Nirudi wapi, boss, na hapa ni kwangu? Ukilifunua leo umeharibu harusi. Halijaiva."

Mtaalamu alilifunua. Harufu ilipopanda, askari mmoja mzee, mtu wa Angurai, alishusha bunduki, akakaa chini na kucheka hadi machozi. Alaso akapita chini ya utepe, akachota kipande cha wimbi lile, akakitia kinywani mbele yao wote, kama desturi inavyomtaka mwenye chungu. Alipomaliza kutafuna aliwaambia kwamba sasa limekuwa chachu nusu, na kwamba wote waliopo wamealikwa. Harusi ilifanyika. Mtaalamu yule alikuja, akapewa mrija.

Lakini kicheko cha Malaba hakikufika Nairobi. Kilichofika ni taarifa kwamba mtu ameweza kufukia kitu ubavuni mwa ghala. Muswada wa ile sheria ukaongezwa kipengele: makazi yaliyo karibu na ghala yaondolewe, na asiwepo wa kuchimba ardhi hiyo. Mwezi wa Septemba watu wa vipimo walikuja wakachora X nyekundu kwenye nyumba yake, na nyingine kwenye jiwe la kaburi la Joash. Alaso aliitazama ile ya pili muda mrefu. Alisema nyumba ni matope, atajenga nyingine. Ila yeye hawezi kumhamisha Joash, wala hawezi kuzikwa mbali naye. Nafasi ile iliyokaa bila kupandwa kitu kwa karibu miaka ishirini sasa ilikuwa imepigwa marufuku kuguswa na jembe.

Tarehe 18 Oktoba 2023 kamati ya muswada ilikuja Amagoro kusikiliza maoni ya wananchi. Alaso alivaa gauni la Pasaka. Njiani alifanya mazoezi ya hotuba ndefu yenye mistari ya Biblia, na alipopewa kipaza sauti akaisahau yote. Wakili wa mwenye ghala alikuwa ameshazungumza juu ya magaidi kwa ufasaha mkubwa. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani, akamwambia asiogope, aseme yaliyo moyoni.

"Ghala lilindwe," akasema Alaso. "Sipingi. Likilipuka, mimi ndiye wa kwanza kufa. Lakini huyo mtu mbaya mnayemngoja atakuja akiwa mgeni. Mkituhamisha sisi tunaojuana, nani atamjua mgeni? Yule mlinzi wenu aliniona mimi akaona gaidi. Opolot angeniona mimi angeona harusi. Na siku mtu mbaya akija kweli, mlinzi huyo atamwona nini? Atamwona jirani."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga makofi na viti, na mzee mmoja wa Busia, ambaye hakuwa amemwona Alaso maisha yake yote, alisimama akitangaza kwamba huyo ni dada yake. Mwenyekiti aligonga meza mara kadhaa, kisha akamuuliza angependa nini kiandikwe.

"Andika mlinzi ajue majina ya majirani. Na aliyetangulia kujenga asihame, ahame aliyekuja nyuma. Mume wangu yuko pale, mama. Nataka kulala naye."

Mwenyekiti alivua miwani. Kisha alionekana akiandika.

Sheria ilipopitishwa mwaka uliofuata, maneno ya Alaso yalikuwa yamevalishwa suti: palisemwa "jamii jirani" na "walinzi wenye ufahamu wa eneo". Alisomewa mara mbili, akauliza yake yako wapi. Lakini kipengele cha kuhamisha waliotangulia kilikuwa kimefutwa, na kuchimba kuliruhusiwa iwapo mlinzi atajulishwa. Siku ile alicheza uani peke yake, viatu mkononi, mpaka majirani wakaja kumsaidia kucheza. Mwenye ghala ameanza kuhamisha klorini nje ya mji. Opolot alirudishwa kazini. X nyekundu Alaso alikataa isifutwe. Alisema anayetaka kujua nyumba iliyoshinda ataitambua kwa hiyo.

Mwezi wa Machi mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka na miguu kuvimba. Alilazwa hospitalini Busia mara tatu, na kila mara, kabla ya siku ya pili kwisha, alikuwa amejua majina ya wagonjwa wote wa wodi na sababu ya kila mmoja kutotembelewa. Wodi ambamo watu hulala kitanda kwa kitanda bila kusalimiana ilimuudhi kuliko sindano. Aliomba arudishwe nyumbani, akafariki alfajiri ya Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, binti yake Jacinter akiwa amemshika mkono.

Ameacha watoto wanne: Jacinter, Gordon, Aluka na Syprose; wa tano, Ekwaro, alimtangulia. Ameacha wajukuu kumi na watano, akiwemo Sheilah wa ile harusi, vitukuu watatu, na kaka mmoja mzee aliyebaki bila mtu wa kummalizia habari zilizokatika.

Jana mchana vijana walipoanza kuchimba kaburi, kando ya Joash, karibu na ukuta, hakuna aliyekumbuka kumjulisha mlinzi. Opolot aliwaona kwenye kamera. Hakubonyeza king'ora. Alifunga geti, akaja na jembe lake mwenyewe, akauliza wamefika wapi, akashuka shimoni.

Mungu amlaze Alaso kwa amani katika udongo aliokataa kuuhama.