Sifa Waliyopewa Wafanyakazi wa Chumba cha Rangi

Mgeni rasmi, mtaalamu wa takwimu za vifo, karibu katika kiwanda chetu cha vitambaa. Sisi wa chumba cha rangi, ambao mikono yetu haitakati hata kwa sabuni, tumefurahi kukuona. Kiti chako tumekifuta mara mbili. Suruali ikipata doa, utusamehe.

HISTORIA

Mtaalamu wa kwanza kututembelea alitufundisha kwamba watu hujiua kwa umaskini. Tuliitikia, maana umaskini tunaujua. Wa pili akasema hapana, wanaojiua zaidi ni wa nchi tajiri, kila mtu na mlango wake, na sisi tunaokolewa na undugu. Huyo tulimpigia makofi zaidi. Mpaka leo hatujui tumshike yupi.

MAFANIKIO

Barua yako inatupongeza kwamba nchi yetu iko chini kabisa kwenye orodha ya wanaojiua, na kiwanda hiki hakina tukio hata moja. Ahsante.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, tukio lipo. Mwaka jana fundi wetu mkuu wa kuchanganya rangi, tuliyemwita Bwana Harusi kwa jinsi alivyopenda kuvaa, alijiua. Hakuwa maskini kutuzidi. Mpweke pia hakuwa, kwani nyumba yake ilijaa wajomba, mashemeji na wapangaji wasiolipa. Tulikaa na mjane wake, shemeji yetu, tukakubaliana tuseme ni presha, ili azikwe bila minong'ono na watoto wasinyooshewe vidole. Daktari naye akatuonea huruma, akaandika hivyo hivyo. Tulidhani tunasitiri nyumba moja, kumbe tunakuharibia hesabu ya nchi nzima.

Juzi shemeji mwenyewe alituambia, "Semeni tu. Kila mgeni anayekuja anawaambia wanangu wapunguze chumvi."

Basi tumesema, na bado hatuelewi. Mtu mwenye watu wote wale alikosa nini?

MAOMBI

Kwanza, kifo hicho kiingizwe kwenye hesabu zako. Pili, tupatiwe mshauri, mwenye chumba cha kufunga mlango, kwa kuwa huku kwetu kila neno zito hugeuzwa utani.

Ombi la tatu halikupitishwa na kamati, na wenzangu ndiyo kwanza wanalisikia. Ni langu mimi ninayesoma. Mheshimiwa, mimi nami nimechoka kuishi, na sijui ni kwa nini. Naogopa. Tafadhali usiondoke kabla hatujazungumza.

Mungu akufikishe kwako salama, nasi atubakishe salama.

Ni sisi, wafanyakazi wa chumba cha rangi.