Salama ya Juu ya Bati

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu aliniomba nisimame nitoe ushuhuda tangu mkutano wa mwezi ule, nikasema kichwa kinaniuma. Mwezi uliofuata nikasema nina mgeni. Leo kichwa kizima na mgeni sina, basi nimesimama. Majina sitataja. Nikilia msininyamazishe, na nikinyamaza nisubirini, nitaendelea.

Mie nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, huko bondeni upande wa Mkongo. Kazi yangu kupepeta chenga na kushona midomo ya viroba. Nilikuwa na mwenzangu mmoja, mwanamke kama mimi, tumepishana umri kidogo tu. Yeye Mmatumbi wa milimani. Ndoa ilimleta bondeni, ndoa ikafa, akabaki yeye na kazi. Mie Mndengereko, nimezaliwa shambani kwenye dungu, kile kibanda chetu cha miguu mirefu tunacholindia mpunga. Tuliitana mtani. Kama kiukoo sisi ni watani kweli au tulijitungia wenyewe, mpaka leo sijui. Nikimwambia, "Nyie watu wa milimani mnaogopa hata maji ya kuoga," ananijibu, "Na nyie wa bondeni mnaoga kwenye tope mnasema mmetakata." Kutwa nzima hivyo, mashine inanguruma na sisi tunapigiana kelele.

Siku ile tajiri wetu na fundi walikwenda Ikwiriri kufuata spea. Tukabaki wawili na magunia ya watu. Asubuhi mwenzangu akatoka kumwaga pumba, akarudi mbio, ndoo kaiacha huko huko.

"Mtani, maji yameingia mashambani. Tuondoke."

Nikacheka. Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele ya Mungu, nilicheka. Nikamwambia, "Maji ya mlau hayo!"

Wa bondeni mliomo humu mnanielewa. Wa Kibiti mjini nawaelezea. Sisi mto ukijaa hatulii. Maji yanakuja, yanalala siku zake, yanaondoka, yanatuachia tope nene, na humo ndimo tunapanda mahindi na kunde za mlau. Bibi yangu alikuwa akiona maji shambani anapiga kigelegele. Basi mie nikajiona mjuzi. Nikamwambia, "Kaa hapa tupandishe magunia ya watu juu ya vichanja, yasilowe. Jioni maji yameshapungua." Akaniangalia hivi. Akasema, "Haya, weye ndo mwenyeji." Akashika gunia upande wake.

Tulipandisha magunia mpaka adhuhuri. Tulipotoka kuangalia, njia haikuwepo. Palipokuwa na njia kuna maji mekundu yanakwenda kasi, yamebeba mti mzima na majani yake. Ule mti ndio ulionishtua, maana maji ya mlau huja polepole, hayabebi miti. Nikajua nimekosea. Sikumwambia. Nikasema, "Tupande juu kidogo."

Tulipanda juu ya magunia yale yale. Alasiri maji yakafika kwenye magunia. Nikabandua bati moja la paa kwa nondo ya fundi, nikatoka, nikamvuta mwenzangu. Ukingo wa bati ukampasua paja, kutoka hapa mpaka karibu na goti. Jamani, damu ile! Mtu unaijua damu ya kuku, unaijua damu ya uzazi, lakini ile ilikuwa inatoka huku inasukuma.

Sasa hapo ndipo nilipojua ofisi yetu ina nini na haina nini. Dawa haina. Simu yangu ilikuwa chini, imeshakufa maji. Nikarudi ndani mara tatu, nimeshikilia boriti, natoa ninachoweza. Nikapata viroba vipya visivyotumika, kamba ya katani, shazia yangu ya kushonea magunia, turubai la kuanikia mpunga, karai, sufuria yetu ya chai, kiberiti kilichokuwa juu ya boriti, nusu gunia la chenga, gunia la pumba kavu, na madumu ya dizeli. Moja lilikuwa na mafuta kidogo, mengine matupu.

Kanga yangu nikaikunja ikawa kitambaa cha kubana jeraha. Juu yake nikazungusha kiroba nilichokichana, nikashona kwa shazia, nikakaza kwa katani. Mwenzangu ananiangalia tu, meno ameuma. Akasema, "Umenishona kama kilo hamsini." Nikamwambia, "Kilo hamsini huzifikishi." Damu ikapungua. Nikamshukuru Mungu, nikadhani nimeshinda.

Mvua iliponyesha tukatandaza turubai juu ya bati, maji yakajikusanya katikati, tukanywa. Nikataka kuweka akiba, nikasuuza dumu kwa pumba na maji ya mvua, mara tatu, mara nne, nikalijaza. Tulipokunywa, tulitapika wote wawili. Dizeli haisuuziki kwa pumba, msinijaribie. Yeye aliyekuwa hana nguvu ndiye aliyetapika zaidi.

Nikajaribu na chelezo. Nikafunga madumu sita matupu ndani ya viroba, nikakaza kwa kamba. Kabla sijampandisha mtu, nikaweka gunia lililolowa, nijaribu kwanza. Likaelea kidogo, likapinduka, likaenda na chelezo chote. Mwenzangu akasema, "Ingekuwa mimi hapo."

Siku ya pili asubuhi nikawasha moto. Pumba ndani ya karai, dizeli kidogo, ukashika, ukatoa moshi mwingi. Nikapika uji wa chenga. Lakini uji ulikuwa kisingizio, nilitaka moshi. Nikasema, mtu akiona moshi katikati ya maji, atakuja.

Kweli, wakatokea. Mtumbwi, wanaume wawili, mbali kidogo, wanapita kule yalikokuwa mashamba ya ufuta. Nikasimama, nikapunga kiroba cheupe. Nao wakapunga mkono. Mmoja akaweka viganja mdomoni akaita, "Habari za hukooo?"

Ndugu zangu. Tangu nimeanza kusema, nimefundishwa mtu akikusalimu unajibu vizuri kwanza, ndo unaeleza shida. Kitandani unaumwa, unaulizwa hali, unasema salama, ila kichwa. Msiba uko ndani, unasema salama, ila tumefiwa. Basi mie, juu ya bati, mwenzangu ameshonwa kwa shazia miguuni pangu, nikajaza kifua nikajibu, "Salamaaa! Ila..."

Ile "salama" ilifika. Ile "ila" ilikwenda na upepo. Yule mwanaume akapunga tena, wakapiga kasia, wakapotelea kwenye miti.

Na ule moshi wangu, nilikuja kuelewa usiku wake, ulinisaliti. Bondeni, moshi juu ya maji maana yake ni watu kwenye dungu, wanapika, wametulia, wanasubiri mlau. Moshi hauombi msaada. Moshi unasema chakula kiko motoni.

Nilikaa chini nikajipiga kifuani. Mwenzangu akaniuliza, "Wamesemaje?" Nikamwambia, "Wamesema wanarudi." Huo nao uongo. Mpaka jioni ananiuliza, "Bado?" namjibu, "Njiani."

Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba, unanuka, na mwili wake wa moto kama karai. Alikuwa anaongea na mama yake, Kimatumbi, maneno ya kitoto. Mie nimekaa naye, nimemfunika turubai, sina wazo lolote limebaki. Viroba vipo, kamba ipo, madumu mawili yapo, na vyote havinifai kitu. Nilikata tamaa, sikufichieni. Nilimwomba Mungu anichukue mie kwanza ili nisimwone.

Nikasikia makasia. Mitumbwi miwili safari hii, mbali zaidi kuliko jana. Sikupunga kitu. Moto uliokuwa bado unafuka karaini nikaumwagia maji. Nikasimama, nikaweka mikono kichwani, nikapiga kilio cha msiba. "Mama weee! Mwenzangu kafa! Kafa jamani weee!" Maana salamu mtu ataipungia mkono apite, lakini msiba hakuna Mwislamu wa bondeni anayeupita.

Nikasikia mtu ananivuta upindo wa gauni. Mwenzangu kafumbua macho. Akasema, taratibu, "Lia vizuri, mtani. Hivyo watadhani umemwaga mboga."

Nikacheka na kulia pamoja, na kilio kikatoka sawasawa sasa, maana kilikuwa cha kweli. Mitumbwi ikageuka. Walipofika, mzee mmoja akavua kofia, akauliza kwa adabu, "Maiti yuko wapi?"

Mwenzangu akanyanyua kidole. "Ndo mie. Bado kidogo."

Wale watu sitawasahau. Walimshusha kama yai. Walitupeleka Utete kwa maji, wakipokezana makasia, hawakupumzika hata kunywa maji. Hospitali walimpokea mbio, walifanya walichoweza, sina neno nao. Siku ya pili yake, baada ya alasiri, akafariki. Mkono wake ulikuwa kwenye wangu.

Mlitaka ushuhuda wa mtu aliyeshinda. Mie sijui kama nimeshinda. Nitawaambia yaliyofuata, mtapima wenyewe.

Msibani kwake watu walinitazama mie. Mtani ndiye anayetakiwa kuchekesha msibani, alalie jeneza, adai mchango, watu wapumue. Nilikaa kama jiwe. Watu wakasema, muacheni, amechoka. Nikahamia huku Kibiti kwa dada yangu. Kila anayeniuliza hali, namjibu salama. Dada: hujambo? Salama. Jirani: umeamkaje? Salama. Miezi mingi, mie na salama yangu. Kula sili, shazia nikiiona naondoka, kwenye misiba siendi, maana kilio kikianza nyumba ya tatu naziba masikio. Niliamini nilimlilia mtu aliye hai akafa kwa sababu ya kilio changu. Na chini ya hilo kulikuwa na jingine, zito zaidi, nililokuwa sijamwambia mtu.

Nyinyi mlikuja. Wawili wenu, kila Alhamisi, mnakaa kwenye mkeka wa dada yangu, mnachambua mchele, hamniulizi kitu. Nawashukuru kwa kutoniuliza. Halafu Alhamisi moja mkaja na mama yake mwenzangu. Kashuka kutoka milimani kwao na fimbo yake. Nilipomwona nilitaka kutokea mlango wa nyuma. Akakaa. Akaniambia, "Habari za siku nyingi, mwanangu?"

Ikaja mdomoni, salama, kama kawaida yake. Ikakwama. Nikasema, "Si salama, mama."

Nikamwambia lote. Nikamwambia, mwanao alitaka kuondoka. Asubuhi ile njia ilikuwepo. Alikuja mbio akaniambia tuondoke, mie nikamcheka nikamwambia akae, ni maji ya mlau. Alikaa kwa sababu mie ndo mwenyeji. Aliuawa na ujuzi wangu.

Yule mama alikuwa amepokea mchele achambue nasi. Vidole vyake viliendelea kwenye ungo, anatoa mawe. Akasema, "Nilikuwa nikijiuliza. Mwanangu mwoga wa maji tangu mdogo, kwa nini hakukimbia? Kila siku najiuliza. Sasa nimejua." Akatoa jiwe jingine. "Kukusamehe, sijui kama nimekusamehe. Nitamwomba Mungu anisaidie. Wewe kwanza kula."

Akanipakulia kwa mkono wake. Nikala. Mbele ya mama wa niliyemkalisha, nikala wali na kunde, machozi yanaingia sahanini, na hakuninyamazisha. Ndo siku ya kwanza nilipolala nikaamka nikajua nimelala.

Tangu hapo anakuja. Hajaniambia bado kama amenisamehe. Mie siulizi. Anapika, nakula, na siku hizi mie napika naye anakula.

Nawashukuru nyinyi wa kikundi hiki. Nawashukuru wale wa mitumbwi. Hata wale wawili waliopunga mkono wakapita siwalaumu. Waliuliza, mie ndiye niliyewajibu.

Ninachoweza kuwaachia ni hiki. Siku ya shida, anza na shida, adabu itafuata. Na mtu mgeni wa mahali akikwambia anaogopa, usicheke. Inuka, toka nje, ukaangalie naye. Ukikuta hakuna kitu, mtarudi mcheke pamoja.

Jina lake sikulitaja, ndivyo tulivyokubaliana hapa. Mama yake yuko nyumbani, hakutaka kuja kusikia mara ya pili. Lakini aliniomba kitu kimoja nikisimama, na nimemwahidi. Tuinue mikono tumsomee Fatiha, hivyo hivyo bila jina. Huko aliko wanamjua.